Askari aliyestaafu akijifungia ndani: maswali na majibu

Swali: Mume wangu tangu atoke jeshini haongei na mtu, ni kiburi au anaumwa?

Sio kiburi dada. Huko alikula, akalala na kucheka na watu walewale ambao anajua siku ya hatari watambeba, sasa ghafla yuko uraiani hana kikosi hana ratiba, na kila anayemsalimia hajui alichokiona. Kama alipigana vita basi mwili wake unaweza kubaki macho muda wote, utaona anachagua kiti kinachotazama mlango, mgongo ukutani, bati likidondoka anaruka. Akikwepa watu anapata nafuu leo ila hofu inakua, manake hapati nafasi ya kuona kwamba hawa wengine hawana shida nae.

Swali: Upweke unaathiri mwili kweli?

Ndio. Unaongeza hatari ya magonjwa ya moyo, kiharusi na sonona, ndo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) liliunda tume nzima ya kushughulikia upweke mwaka 2023.

Swali: Nimemwambia aende kwa kaunsela hataki, nifanyeje?

Kwanza akuamini, mengine yatafuata. Ukisema utapita saa kumi fika saa kumi, akikwambia kitu kisitoke nje kisitoke, na jamani msimuulize ameua wangapi!! Wengi wanashindwa kuongea mkikaa uso kwa uso, mpe kazi ya mikono mkae ubavu kwa ubavu. Namjua mzee mmoja alikuwa anatengeneza redio mbovu na jirani yake kila Jumamosi, wiki tatu ni "nipe bisibisi" tu, ya nne akasema bila kuinua macho, leo ndo siku aliyokufa mwenzangu. Jirani hakumwambia yatapita, alimuuliza alikuwa anaitwa nani, basi wakakaa hapo mpaka giza likaingia.

Swali: Vikundi vya askari wastaafu vinasaidia au ni kukumbushana machungu?

Vinasaidia sana, kwasababu pale haelezi kila kitu kuanzia mwanzo, mwenzie anaelewa hata akinyamaza. Mwaka 1970 huko New York askari wa Marekani waliorudi kutoka vita vya Vietnam walianza kukutana kuongea wenyewe kwa wenyewe, madaktari wa akili wakiwa wamekaa nao bila ukubwa, na mwaka 1979 serikali ya Marekani ikaanzisha vituo vya ushauri kwa ajili yao, hadi leo washauri wengi humo nao walikuwa askari. Ila kikundi hakichukui nafasi ya matibabu, mara nyingi ni mwenzie wa kikundi ndo anamshika mkono mpaka kwa daktari.

Swali: Lini nisisubiri?

Akisema ni mzigo kwenu, akianza kugawa vitu vyake, au pombe imezidi ghafla. Muulize wazi kabisa kama anafikiria kujiua, kuuliza hakumpandikizii hilo wazo, wengine wanashusha pumzi kwamba hatimaye kuna mtu kaliona. Kama kuna silaha nyumbani itoke siku hiyohiyo, asiachwe peke yake, na mwende nae hospitali usiku huohuo msingoje kukuche.