Mafua na kikohozi cha mtoto: dhana potofu na ukweli

Dhana: Dalili zinatosha kumtambua kirusi.
Hazitoshi. Dalili husema ugonjwa umekaa wapi, si nani kauleta. Kikohozi cha kubweka, sauti iliyokauka na mkoromo mtoto anapovuta hewa, hasa usiku, maana yake koo limevimba kwenye njia ya hewa. Mara nyingi ni kirusi kiitwacho parainfluenza, ila virusi vingine huweza kufanya vivyo hivyo. Kifua kikilia mluzi anapotoa hewa, naye hajafika miaka 2, vijia vidogo vya mapafu vimevimba na kujaa ute. RSV, kirusi cha njia ya hewa, ndiye mshukiwa wa kwanza. Homa kali ya ghafla na maumivu ya mwili hufanana na influenza (homa ya mafua makali). Homa na macho mekundu huenda ni adenovirusi, lakini kwanza mtazame ngozi: surua nayo huanza hivyo. UVIKO-19 huiga karibu zote. Anayetaja jina ni kipimo cha ute wa puani, na kwa watoto wengi jina hilo halibadilishi matibabu.

Dhana: Makamasi ya kijani yanahitaji antibiotiki.
Rangi hiyo hutokana na chembe nyeupe za damu zinazopambana. Mafua ya virusi huanza majimaji, kisha siku chache baadaye huwa mazito, ya njano au kijani, na hupona bila antibiotiki.

Dhana: Joto likiwa juu zaidi, hatari ni kubwa zaidi.
Hapa ndipo wengi hupotea. RSV inaweza kuja na homa ndogo, mzazi akatulia, kumbe siku ya 3 hadi ya 5 ndizo mbaya zaidi. Hesabu pumzi. Mtoto awe ametulia au amelala, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue nguo, tazama tumbo na kifua vikipanda kwa dakika 1 kamili. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha utakosea, kwa sababu watoto hawapumui kwa mpangilio sawa. Pumzi ni za haraka zikifika:

- 60, chini ya miezi 2 (rudia kuhesabu);
- 50, miezi 2 hadi 11;
- 40, mwaka 1 hadi 5.

Zikifika hapo, mpeleke kituo cha afya. Usingoje hata kidogo ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea. Kichanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa aende siku hiyohiyo.

Dhana: Akikohoa, basi homa si ya malaria.
Vyote viwili huweza kumpata pamoja. Penye malaria, apimwe.

Dhana: Kikohozi kisichoisha ni kimeo kirefu, kikatwe.
Kimeo hakisababishi kikohozi. Kukikata huleta kutoka damu nyingi, pepopunda na maambukizi mengine. Kikohozi cha virusi huweza kuburuza wiki 2 au 3. Kikifika siku 14, achunguzwe kifua kikuu na pumu. Asali humtuliza aliyetimiza mwaka 1, kamwe si mdogo zaidi.