4294967297: namba iliyomponza Fermat

Barazani Mji wa Kale, kahawa inamiminwa kutoka kwenye dele, kijana wa kidato cha tatu akaniuliza: "Mwalimu, namba ikikataa kugawika kwa 3, kwa 7, kwa 11 na kwa 13, si basi, hiyo ni tasa?" Nikamwandikia nyuma ya risiti: 4294967297. Bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba.

Namba tasa ni kama kashata 17 sahanini. Ukitaka kugawa sawa kwa sawa bila kuvunja, ama mmoja azile zote, ama watu 17 wapate moja moja. (Jina hili naona linazionea, kwani namba nzima nyingine zote zinazozidi 1 huzaliwa na tasa zikizidishana.)

Sasa chukua 1, uizidishe kwa 2 mara moja, kisha ongeza 1: unapata 3. Zidisha kwa 2 mara mbili, ongeza 1: 5. Mara nne, 17. Mara nane, 257. Mara 16, 65537. Zote tano ni tasa. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, hakimu wa Toulouse, Ufaransa, aliamini mambo yataendelea hivyo hivyo daima. Inayofuata, mara 32, ndiyo ile ya kwenye risiti.

Kuipima kwa kujaribu tasa moja baada ya nyingine ni kazi ya kuchosha: ziko zaidi ya 6,500 za kupitia. Mwanahisabati Leonhard Euler alipata jibu mwaka 1732, na baadaye akaeleza njia ya mkato. Kigawanyo chochote tasa cha namba hii lazima, ukikigawa kwa 64, kibakishe 1. Basi anza 65, 129, 193, uwe unaongeza 64 kila mara. Ukitupa zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577, 641. Nne za mwanzo zinakataa. Ya tano inaingia bila baki: 641 × 6700417. Fungua kikokotoo cha simu uhakikishe.

Fermat alikuwa mjuzi mkubwa, lakini mifano mitano haikuwa uthibitisho.

Ile 65537 haikutupwa. Simu inapofungua tovuti ya benki, mara nyingi namba hiyo huwa kwenye ufunguo wa wazi, yaani namba ambazo tovuti humpa yeyote, unaosaidia kulinda mawasiliano.

Katika mfululizo ule wa Fermat, namba 28 zilizofuata baada ya 65537 zote zimethibitishwa kuwa si tasa. Ya 29 hakuna ajuaye. Hiyo ni 1 iliyozidishwa kwa 2 mara 8589934592, ikaongezwa 1. Kijana akageuza risiti kutafuta nafasi ya kuiandika. Ina tarakimu zaidi ya bilioni 2.5.