Gemu ya watu wasio na nyuso: uongo ninaousikia kila wiki kuhusu Unity

Kijana mmoja alivuka mpaka kutoka Ariwara, upande wa Kongo, na konsoli yake ya gemu, PS4, ndani ya mfuko wa kaveera, akaiweka juu ya meza yangu hapa Arua nimsafishie feni. Wakati anasubiri akapekua rafu ya diski, akakuta Assassin's Creed Unity, gemu ya Arno, muuaji wa siri katika Paris ya Mapinduzi ya Ufaransa, akaangua kicheko. "Fundi, bado unauza hii ya watu wasio na nyuso?"

Alikuwa wa nne mwezi huo. Wa kwanza nilimjibu kwa upole, wa pili kwa kifupi. Huyu wa nne nilizima kipulizio nikamwambia avute kiti, maana feni ingeweza kungoja.

Ile picha mnaijua: macho mawili, meno na nywele vinaelea hewani, ngozi haipo. Ilisambaa Novemba 2014, gemu ilipotoka, na tangu hapo imekuwa cheti cha kifo cha Unity. Basi sikilizeni. Hitilafu ile ilitokea kwenye kompyuta peke yake, tena kwa wenye kadi fulani za michoro, na Ubisoft, kampuni iliyoitengeneza gemu, waliiziba katika sasisho la kwanza kabisa. Kwenye PS4 haikuwahi kuwepo. Haikuwepo jana, haipo leo, na ukiisubiri mpaka asubuhi hutaiona. Anayekuambia aliiona kwenye PS4 ya binamu yake aliiona kwenye simu ya binamu yake.

Hapo ndipo wateja hudhani naitetea gemu. Siitetei. Toleo la siku ya kwanza lilikuwa aibu, na watengenezaji wenyewe walikiri. Kasoro walizoziorodhesha mapema kuwa wanazishughulikia ni hizi: Arno anatumbukia chini ya ardhi, Arno ananasa ndani ya mkokoteni wa nyasi, gemu inazima ukijiunga na wenzako, na menyu ya kwanza inachelewa kufunguka. Ongeza na fremu, yaani picha zinazopita kila sekunde. Lengo kwenye PS4 na Xbox One lilikuwa 30 kwa sekunde, lakini ukiingia kwenye umati wa Paris picha ilikwama kama lori la mihogo kwenye tope. Wahakiki nao walikuwa wamefungwa mdomo: hawakuruhusiwa kuchapisha maoni yao hadi saa kadhaa baada ya gemu kuanza kuuzwa Marekani. Watu walinunua wakiwa wamefumba macho, wakakasirika, na walikuwa na haki.

Tarehe 26 Novemba 2014 mkuu wa Ubisoft Montreal, Yannis Mallat, aliomba radhi hadharani. Sehemu ya nyongeza, Dead Kings, ikatolewa bure kwa wote wenye gemu, ikafika Januari 2015. Katikati ya Desemba lilikuja sasisho la nne, ndilo lililolenga kukwama kwa picha. Kwenye konsoli lilikuwa na GB 6.7, na wenye Xbox One wengine walijikuta wanashushiwa gemu nzima upya, karibu GB 40. Kwa Kiswahili tunasema kiraka, na kiraka hushonwa juu ya tundu. Hiki kilibadilisha upande mzima wa shati.

Sasa nakuja kwenye kinachonichosha kuliko nyuso zote zilizopotea: imani kwamba gemu ya diski imekamilika ndani ya diski. "Mimi nimenunua diski, intaneti ya nini?" Nasikia hivi kutoka kwa vijana, kutoka kwa wazazi, na hata kutoka kwa mwenzangu mwenye kibanda cha gemu karibu na stendi, ambaye angepaswa kujua.

Diski ilichapwa kiwandani mara moja tu. Kilichomo ni toleo 1.00, lile lile la mkokoteni wa nyasi, na kitabaki hivyo hadi plastiki ioze. Sasisho haliingii kwenye diski. Linakaa kwenye diski ngumu ya konsoli yako. Ukifuta gemu ili upate nafasi ya gemu ya mpira, umefuta na viraka vyote. Ukiuza diski, mnunuzi hapati kiraka hata kimoja. Ukimwazima jirani ambaye konsoli yake haijawahi kuonja intaneti, umemkabidhi Novemba 2014 mkononi.

Ndiyo maana nasema wateja wangu wengi hawadanganyi wanaponiambia gemu inakwama. Inakwama kweli. Diski zinazofika huku zimeshatumika, nyingi zimepitia Kampala, na konsoli nyingi za kuanzia Vurra hadi Koboko hazina waya wa intaneti wala mtu wa kuziunganishia simu. Wanacheza toleo ambalo dunia iliacha kulicheza zaidi ya miaka kumi iliyopita, kisha wanaihukumu gemu. Ni sawa na kununua mkate uliookwa wiki jana ukamlaumu mwokaji kwamba ni mgumu.

Kujua unacheza nini ni kazi ya sekunde kumi. Weka kielekezi juu ya picha ya gemu, bonyeza OPTIONS kwenye pedi, fungua sehemu ya taarifa, soma namba ya toleo. Ikisoma 1.00, nyamaza kuhusu ubora wa Unity mpaka uisasishe. Mtu akiniletea lawama bila namba hiyo simsikilizi. Nimewahi kumrudisha mzee wa watu nyumbani Ediofe kwenda kuisoma, na sijuti.

Sasa suala la bando. Najua GB 6.7 si mzaha kwa mtu anayenunua data ya siku. Ushauri wangu, na naujua unapingwa: usisasishe kwa simu. Umeme ukikatika, mtandao ukiyumba, bando likaisha katikati, utakata tamaa na kurudi kucheza 1.00. Beba konsoli mahali penye waya, lala, asubuhi uichukue. Na ukifika nyumbani zima upakuaji wa moja kwa moja, maana konsoli iliyoachwa kwenye hali ya mapumziko ikiwa na intaneti ya simu itakula bando lako usiku kucha kwa ajili ya gemu ambazo hata huchezi. Halafu usifute gemu ovyo. Nunua diski ngumu ya nje.

PS Plus, ule usajili wa kulipia, haihitajiki kupata sasisho. Nimelijibu hilo mara nyingi kiasi kwamba nimeliandika ukutani. Plus ni ya kucheza na wenzako mtandaoni.

Kuna kundi moja tu lililokuwa na sababu ya kuogopa kiraka: wenye PS5. Lile toleo 1.00 halikuwa limefungiwa kwenye fremu 30. PS4 haikuwa na nguvu za kuvuka hapo, kwa hiyo hakuna aliyeona faida. PS5 ilipotoka 2020, watu wakaweka diski ya PS4 bila kuisasisha na gemu ikakimbilia fremu 60. Utamu wa picha uliupata, na kasoro za siku ya kwanza zikaja nao. Mimi ningechagua kiraka, ila sikumgombeza aliyechagua mbio.

"Dead Kings ni bure, mbona siioni?" Huyu mara nyingi diski yake ni ya Uingereza na akaunti yake ni ya Marekani. Uganda haimo kwenye orodha ya nchi za duka la PlayStation, kwa hiyo kila mtu hapa amefungua akaunti ya nchi ya kuazima. Diski yenyewe itacheza popote, lakini nyongeza lazima itoke kwenye duka la eneo lile lile la diski. Fungua akaunti ya pili ya eneo la diski, ishushe kupitia hapo. Si gemu iliyoharibika.

Masanduku ya hazina ndani ya gemu yanayodai programu ya simu? Yalikuwepo, yaliudhi dunia nzima, na sharti hilo liliondolewa baadaye kwa sasisho. Kama lako bado linaidai simu, unajua nitakuuliza namba gani.

Helix, zile pesa za kununua vifaa? Gemu inamalizika bila kulipa hata shilingi. Potelea mbali.

Notre-Dame nayo, kanisa kuu la Paris lililomo kwenye gemu. Kanisa lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, Ubisoft waliitoa Unity bure kwenye kompyuta kwa wiki moja na kuahidi euro 500,000 za ukarabati. Watu wakaicheza ikiwa na viraka vyote, na sifa zikamiminika hadi wengine wakashangaa kama ni gemu ile ile. Hapo ndipo ulipozaliwa uvumi kwamba mafundi walijenga upya kanisa kwa ramani ya gemu. Hapana. Msanii Caroline Miousse aliishughulikia Notre-Dame kwa takriban miaka miwili, ni kazi ya kuvuliwa kofia, lakini aliijenga ili Arno apande. Mafundi wa kweli walikuwa na vipimo vya leza, vikiwemo vya mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon vyenye pointi zaidi ya bilioni moja. Na jambo dogo la kuchekesha: gemu inaonyesha mnara mwembamba wa juu ya paa, wakati mnara wa kale ulishabomolewa karne ya 18 na ule ulioungua ulikamilika 1859. Arno anapanda kitu ambacho baba wa aliyekijenga alikuwa bado mtoto.

Wanafunzi wa S.5, kidato cha tano, wanaosoma historia ya Ulaya kuanzia 1789, niacheni. Mmoja aliniambia anacheza Unity kama marudio. Bastille ilianguka tarehe 14 Julai 1789 ikiwa na wafungwa saba tu, na Arno Dorian hakuwa mmoja wao kwa sababu hajawahi kuzaliwa. Robespierre kweli alivunjwa taya kwa risasi usiku wa kuamkia 28 Julai 1794, siku aliyokatwa kichwa kwa gilotini. Kwenye gemu anayempiga ni Élise, msichana wa kubuni. Kwenye vitabu wanabishana kama alijipiga mwenyewe au alipigwa na askari aitwaye Merda. Hata Ufaransa penyewe mwanasiasa Jean-Luc Mélenchon aliishambulia gemu kwa namna ilivyomchora Robespierre. Mtihani utafeli, na mama yako atakuja kunilaumu mimi.

Wengine husema Unity si gemu ya kunyata, ni ya kukata watu panga. Hii ndiyo ya kwanza kwenye mfululizo huu kumpa mchezaji kitufe cha kuchuchumaa. Ukionekana, kivuli cheupe kinabaki pale walinzi walipokuona mwisho, nao hukikimbilia hicho, si wewe. Zunguka nyuma yao. Anayeingia ikulu kwa mlango wa mbele na panga juu asilalamike kwamba walinzi wana bunduki.

Yule wa Ariwara niliisasisha konsoli yake usiku ule, akaondoka na diski. Baada ya siku tatu akapiga simu. Picha haikwami, hakuna aliyezama ardhini, ila Arno kagandama kwenye ukingo wa dirisha, hapandi wala hashuki, na walinzi wanakuja. Nikamwambia hilo hakuna kiraka kilichowahi kuliponya, ndivyo alivyo. Shikilia R2 na duara, atashuka. Kimya kidogo, halafu nikasikia mtu anaruka kutoka ghorofani, na kijana anamtukana Arno kwa Kilingala.