Vito vya fedha vya mabibi: tusiyeyushe, tusisafirishe bila kibali

Familia nyingi za Lamu na Mombasa hutuletea sisi wa makumbusho vito vya fedha vya mabibi zao kuuliza bei. Wengi huja wamekwisha kupitia kwa sonara vikang'arishwa. Wengine huja na donge tu la fedha iliyoyeyushwa. Inauma.

Vikuku, mitali ya miguuni, kipini cha puani na majasi ya masikioni vilikuwa mali ya mwanamke mwenyewe. Alivipata kwa mahari au kwa kununua, na shida ikimfika aliuza kimoja. Vilionyesha hadhi pia. Ndiyo maana huko Unguja, baada ya utumwa kukomeshwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walibadili mavazi na mapambo yao, waonekane waungwana kama wengine.

Tazama mtali kwa ndani: pamelika pale ulipokuwa ukigusa mfupa wa kifundo, na msumari wa kufungia si wa awali. Huo ndio ushahidi tunaoutafuta wa jinsi kilivyovaliwa na kutengenezwa upya, na brashi ya sonara huanza kufuta hapo hapo.

Jambo jingine, na tumelisema mara nyingi: mwaka 1780 ulioandikwa kwenye riale ya Maria Theresa, ile sarafu ya fedha inayotungwa kwenye mkufu, si umri wa mkufu. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka huo, na riale zikaendelea kupigwa kwa tarehe ileile. Mkufu wako waweza kuwa wa juzi.

Sasa sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale. Kurithi si kosa, wala hatuji kumnyang'anya mtu kikuku cha bibi yake. Uvumi huo ukome. Ila kukitoa nchini kunahitaji kibali, nacho huombwa kabla ya safari, si pale uwanja wa ndege. Hata kama ni zawadi kwa bintiyo aliye Dubai, kibali ni kile kile. Anayefanya biashara ya vitu hivi lazima awe na leseni. Kilichochimbwa ardhini si chako: toa taarifa. Anayekiuka hukabiliwa na faini, kifungo, au vyote viwili.

Kama ni lazima kwenda kwa sonara, piga kwanza picha za nje na ndani, rula ikiwa kando, na uandike kilikuwa cha nani na alikivaa lini.