Chakula kilicholala hakijafa

Juzi nimeisikia tena ile imani kwamba chakula kikilala kimekufa, safari hii kutoka kwa dada mmoja anayesoma lebo ya kila kitu kabla hajakiweka kikapuni. Anafanya kazi ya zamu: siku nyingine anatoka nyumbani alfajiri, siku nyingine anarudi watu wameshalala. Tulikuwa tunapitia shajara yake ya chakula. Jumapili na Jumatatu zilipendeza kabisa, mboga, maharage, samaki, matunda. Kuanzia Jumanne mambo yakaharibika: biskuti, soda, chipsi, na siku moja ameandika "sijala" mara mbili, kisha saa nne usiku sahani mbili kwa mkupuo. Nikamwuliza kwa nini Jumapili asipike cha siku tatu kabisa. Akanitazama kama nimemwambia ale sabuni.

"Daktari, chakula kikilala si kinakuwa kimekufa? Bora nisile."

Mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe, lakini hilo nimeacha kulisahihisha. La chakula kufa siwezi kuliacha. Nimelisikia kwa wahasibu, madereva, walimu, hata wauguzi. Kwa niliyoyaona katika chumba changu cha ushauri, imani hii imeangusha mipango mingi ya kula vizuri kuliko tamaa ya vitamu. Hesabu yake ni rahisi. Ukiamini kwamba kila mlo lazima utoke jikoni muda huo huo, basi kula vizuri maana yake ni kuwasha jiko mara tatu kwa siku. Mtu anayefanya kazi saa kumi, na safari juu yake, hana nafasi hiyo. Atajitahidi siku mbili, ya tatu atashindwa, halafu atakuja kwangu ananiambia hana nidhamu. Nidhamu anayo tele. Amepewa sharti lisilotekelezeka.

Neno "kufa" hapa limebeba mambo mawili yasiyohusiana: virutubisho kupotea, na chakula kugeuka sumu. La kwanza limetiwa chumvi mno. La pili ni la kweli, tena ni zito, ila watu wanaliogopa mahali pasipo pake.

Tuanze na virutubisho. Chuma, zinki na kalsiamu ni elementi. Haziozi, haziyeyuki hewani, hazina pa kwenda usiku. Pa pekee zinapokwenda ni kwenye maji uliyochemshia ukayamwaga. Protini moto unaibadilisha umbo, lakini tumbo nalo lingeibadilisha vile vile, na usiku mmoja kwenye friji hauipunguzi. Nyuzinyuzi zinabaki. Mafuta yanabaki, ingawa nyama iliyolala hupata ile harufu ya uzee kwa sababu mafuta yake yanaanza kuathiriwa na hewa. Hilo ni suala la ladha.

Kinachopotea kweli ni vitamini C na foleti, na kiasi fulani cha vitamini B nyingine zinazoyeyuka kwenye maji. Na hapa ndipo ninapokosa subira. Vitamini C hupotea kwa joto, maji na hewa, na sehemu kubwa ya hasara hutokea siku ile ile ya kupika: umekatakata mboga vipande vidogo, ukazilowanisha, ukazichemsha dakika 40, ukamwaga maji. Ukimaliza hapo unaniambia huwezi kuzila kesho kwa kuwa virutubisho vitakufa. Vimekwisha kufa, na aliyeviua ni sufuria ya leo, si friji. Pika mboga za majani kwa muda mfupi, kwa maji kidogo au kwa mvuke, na huo mchuzi ule. Kesho utakapozipasha moto zitapungua tena kidogo, sawa, ndiyo maana simtegemezi mtu mboga iliyopashwa kwa ajili ya vitamini C. Chungwa moja la wastani lina takribani miligramu 70, na kiwango kinachopendekezwa na FAO na WHO kwa mtu mzima ni miligramu 45 kwa siku. Tunda bichi moja juu ya chakula kilicholala linamaliza ubishi. Tena mtu anayekula maharage au dengu apate faida nyingine: vitamini C katika mlo huo huo husaidia mwili kunyonya chuma cha mimea, na chai hufanya kinyume, kwa hiyo chai isubiri saa moja hivi.

Kuna hata virutubisho vinavyopatikana vizuri zaidi baada ya kupikwa. Likopini, ile rangi nyekundu ya nyanya, na beta-karotini, ile rangi ya karoti, hunyonywa vizuri zaidi zikipikwa na mafuta kidogo. Kuhusu wanga, wali au viazi vikipoa, sehemu ya wanga hujipanga upya na kuwa mgumu kumeng'enywa, ukafika utumbo mpana ukawa chakula cha bakteria wa huko, na sehemu ya mabadiliko hayo hubaki hata ukipasha moto. Hili limegeuzwa dawa ya sukari siku hizi, na hapo mimi najitoa. Ni kweli kikemia, ila sijawahi kumwandikia mtu mwenye kisukari wali baridi kama tiba, maana tofauti ninayoiona kwenye vipimo vya watu ninaowafuatilia inaletwa zaidi na ukubwa wa sahani kuliko na umri wa wali.

Sasa tuje kwenye sumu, maana bibi zetu hawakuwa wajinga walipokikataa kiporo. Tatizo ni kwamba tumelibeba onyo lao tukaacha sababu yake.

Kiporo, kwa maana yake halisi, ni kilichobaki. Watu wamekula, wameshiba, sufuria imeachwa jikoni na mfuniko wake mpaka asubuhi. Hakuna aliyekipangia lolote. Chakula cha akiba ni kitu kingine: umekipika kwa ajili ya kesho, na kabla hamjaanza kula umekitenga, umekipoza, umekifungia. Vyote viwili vimelala. Kimoja kimelala kwenye uvuguvugu saa nane, kingine kimelala kwenye baridi. Ukiviita kwa jina moja, utamwaga kilicho salama na, kibaya zaidi, utakula kisicho salama kwa sababu tu ni cha leo. Nimewaona watu wanaokataa maharage ya jana yaliyotoka friji, halafu wanakula wali uliopikwa saa kumi na mbili asubuhi ukakaa mezani mpaka saa tisa alasiri, kwa kuwa huo "ni wa leo".

Bakteria hawaangalii kalenda. Wanaangalia joto na saa. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi wanazaliana, na katikati ya hapo wanazaliana kwa kasi. Bacillus cereus, anayependa wali na vyakula vingine vya wanga, huacha spora, yaani mbegu zake ngumu, zinazostahimili kuchemshwa. Wali ukipoa polepole, spora zinaamka, bakteria wanaongezeka na wanaweza kutengeneza sumu ya kutapisha. Sumu hiyo haiharibiwi na kupasha moto. Naomba hapa msomaji asimame kidogo, kwa sababu jibu ninalopewa kila mara ni "nitakichemsha sana". Kuchemsha kunaua bakteria walio hai. Hakuiondoi sumu waliyokwisha kuiacha. Staphylococcus aureus anayetoka mikononi mwetu na puani ana tabia hiyo hiyo. Halafu yupo Clostridium perfringens, rafiki wa masufuria makubwa ya nyama na mchuzi mzito: nje pamepoa, katikati kuna uvuguvugu mpaka usiku sana.

Kwa hiyo saa inaanza kuhesabu pale unapozima jiko. Una saa 2 za kukiingiza chakula kwenye friji, na kama hewa ya hapo ulipo imepita nyuzi 32, una saa 1. Kigawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina, sentimita 5 zatosha, mvuke upungue, kiingie. La kusubiri kipoe kabisa kabisa ndipo kiingie friji ni imani nyingine inayolisha bakteria. Usiingize sufuria nzima inayotokota, itapasha joto vyote vilivyomo, lakini bakuli la vuguvugu friji nzima italimudu. Hakikisha tu friji yenyewe ina baridi: nyuzi 4 au 5, si zaidi, na kipimajoto kidogo cha kuweka ndani kitakuonyesha ukweli kuliko kile kitufe cha namba. Mlangoni ndipo penye joto zaidi, weka maji huko.

Kikae siku ngapi? Vitabu vinasema siku 3 hadi 4, na vinasema kwa sauti ya uhakika. Huo ni mstari wa tahadhari uliochorwa na watu wenye busara. Chakula hakibadiliki tabia usiku wa manane wa siku ya nne. Kilichopozwa haraka kwenye friji nzuri na kilichochelewa kwenye friji hafifu havina haki ya kupewa siku sawa. Mimi mwenyewe wali ninaupa siku moja, unaozidi unaingia friza. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bakteria hawazaliani, ingawa hawafi wote, kwa hiyo ukiyeyusha, yeyushia ndani ya friji. Mjamzito, mzee sana, au mtu mwenye kinga dhaifu ninampa masharti makali zaidi, kwa sababu bakteria aitwaye Listeria huendelea kukua hata ndani ya friji: akile ndani ya siku moja au mbili, na kipashwe moto mpaka katikati.

Kupasha ni nyuzi 70 kwenda juu, chakula chote, si ukingo tu. Maikrowevu hupasha kwa mabaka, kwa hiyo funika, koroga katikati ya safari, acha kitulie dakika moja au mbili. Pasha unachokula, kingine kibaki baridi. Kwa asiye na friji kazini, hotipoti ni nzuri ikiwa inabaki juu ya nyuzi 60: isuuze kwanza kwa maji ya moto sana, weka chakula kinachotoa mvuke, ijaze. Ukiweka chakula cha vuguvugu kwenye hotipoti umekitengenezea kiota.

Mpango wenyewe haunichukui maneno mengi. Pika mara mbili kwa wiki. Siku ya mapumziko, sufuria ya maharage au dengu, nafaka moja, nyama au samaki au mayai ya kuchemsha. Katikati ya wiki, dakika 40 nyingine. Mboga za majani zioshwe na kukaushwa vizuri zikae tayari, zipikwe dakika chache siku ya kuliwa. Pika vitu bila viungo vingi, viungo utie kila siku tofauti, la sivyo Jumatano utachoka. Wenye jiko la umeme la moto mdogo, yale ya kuacha tangu asubuhi, msitupie humo maharage mekundu mabichi. Yana lektini, aina ya protini inayotapisha vibaya, na moto mdogo hauivunji. Yalowekwe saa 5 au zaidi, maji yamwagwe, yachemke kwa nguvu dakika 10 kwenye maji mapya, ndipo yahamie huko.

Zamani niliandika mipango ya siku 7 yenye kila mlo na gramu zake. Nimeacha. Iliwafaa watu wenye ratiba tulivu, na watu wenye ratiba tulivu si wao waliokuwa wanakwama. Nilikuwa pia nikisisitiza kifungua kinywa kwa kila mtu. Sasa ninauliza kwanza mtu anaamka na njaa au la, na kama asipokula asubuhi anaishia wapi saa kumi jioni. La kula mara sita ili "kuwasha" mwili nimelitupa kabisa. Mwili hutumia takribani asilimia 10 ya nishati ya chakula katika kukimeng'enya, na hesabu hiyo haiongezeki kwa kukikata chakula kile kile vipande sita.

Dada wa zamu alianza kupika Jumapili. Wiki ya tatu shajara yake ya Jumanne ilisomeka: maharage, wali wa friza, mchicha, chungwa. Alhamisi palikuwa na chipsi, nikaziacha zilivyo. Halafu asubuhi moja akanitumia ujumbe. Alikuwa ameunga maharage saa tatu usiku, akakaa kidogo kwenye kochi, usingizi ukampitia mpaka saa kumi na moja. Sufuria bado ilikuwa jikoni. Yananukia vizuri, akasema, na akiyachemsha sana je?

Nikamjibu amwage.

"Lakini si ulisema kilicholala hakijafa?"

Nikampigia simu, maana hilo halifai kwa ujumbe. Nikamwuliza kililala wapi. Akanyamaza, kisha nikasikia mfuniko. Asubuhi ile alikula mayai na mkate, na tangu siku hiyo akizima jiko anatega kengele ya simu ya saa moja na nusu.