Simurgh: ndege mmoja, miili miwili

Simurgh ni ndege wa kubuni wa Waajemi. Ukipita kwenye jumba la makumbusho lenye vitu vya kale vya Iran unaweza kulikuta jina lake chini ya mnyama mwenye kichwa cha mbwa, na hatua chache mbele likawa chini ya ndege mrembo mwenye mkia mrefu unaopepea. Walioandika hawajachanganya mambo. Umbo la simurgh lilibadilika, na mabadiliko hayo husaidia kukisia umri wa kitu kilichonakshiwa.

Umbo la zamani ni la enzi ya Wasasani, waliotawala Uajemi kuanzia mwaka 224 hadi 651. Ana kichwa cha mbwa, kinywa wazi na ulimi nje, makucha ya simba, mbawa zilizosimama na kujikunja nchani, na mkia mpana wa tausi. (Wapo wataalamu wanaobisha kwamba huyu si simurgh hasa, ila jina limeshamganda.) Mara nyingi amezungushiwa duara la vitone kama lulu, na duara hilo hurudiwarudiwa kitambaa kizima. Huko Taq-e Bostan, karibu na mji wa Kermanshah magharibi mwa Iran, mfalme amechongwa mwambani akiwa na vazi la namna hiyo, na fundi hakuona taabu kuchonga hata maua ya nguo.

Hariri ndiyo iliyomsafirisha. Kipande kimoja kilihifadhi masalia ya mtakatifu katika kanisa la Saint-Leu mjini Paris. Waislamu nao hawakumtupa: yumo kwenye ukuta wa kasri la Mshatta, lililojengwa Jordan na Bani Umayya katika karne ya 8, ukuta ambao leo ni mali ya makumbusho ya Berlin. Ila utazame vizuri ukuta huo. Upande wa kushoto wa lango umejaa wanyama katikati ya mizabibu. Upande wa kulia, ambako nyuma yake palikuwa na msikiti, ni mimea mitupu.

Kisha wakaja Wamongolia. Waliiteka Baghdad mwaka 1258, wakatawala Iran na China kwa wakati mmoja, na bidhaa za China zikaingia pamoja na picha zake. Miaka ya 1270 Abaqa Khan, mtawala wa Kimongolia wa Iran, alijenga kasri lake mahali paitwapo Takht-e Soleyman, na kwenye vigae vyake simurgh hana tena kichwa cha mbwa wala makucha ya simba. Amechukua mwili wa feniksi, ndege wa kubuni wa Kichina: shingo nyembamba, manyoya marefu ya mkia yakizunguka kigae chote.

Mwili huo ndio waliouchukua wachoraji wa vitabu vya Shahnameh, utenzi aliokamilisha Ferdowsi mwaka 1010, walipochora simurgh akimlea mtoto Zal, aliyetupwa na babake kwa kuzaliwa na nywele nyeupe.