Bomu Moja Baharini Tanga, Hasara kwa Nani?

Mlipuko wa baruti chini ya maji haumalizi hata sekunde. Aliyeitupa yuko kwenye boti, macho yanawatafuta changu na vibua watakaoelea. Kwake hesabu inaishia hapo: matenga yamejaa, mafuta ya mashine yamerudi, pesa ya haraka imepatikana. Sisi wa idara za uvuvi tukiulizwa ubaya wa uvuvi huu wa baruti, hukimbilia kujibu kwamba ni uharibifu wa mazingira. Jibu hilo limetuponza, kwa sababu mtu anabaki anaamini kwamba aliyeibiwa ni bahari, na bahari haina mwenyewe. Walioibiwa wapo. Wanaishi Sahare, Mchukuuni, Tongoni na Kigombe, pwani ya Tanga.

Samaki wengi wa mwambani wana kibofu cha hewa kinachowasaidia kuelea. Mshindo wa baruti hukipasua kibofu hicho, ukakata mishipa ya damu na mara nyingine ukavunja uti wa mgongo. Kibofu kikishapasuka samaki hana cha kumwinua, hivyo wengi huzama. Mlipuaji huokota sehemu tu ya aliowaua. Waliobaki wanaozea chini, pamoja na vifaranga ambavyo havijafika hata urefu wa kidole.

Matumbawe, viumbe wanaojenga mwamba wa baharini, ndiyo hasara ndefu. Yale makubwa ya mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo lenye kimo cha mita moja pengine lilianza wakati Mwingereza ndiyo kwanza amekabidhiwa Tanganyika. Bomu moja linaligeuza kifusi. Kifusi hicho huviringishwa na mawimbi huku na huko, na matumbawe machanga yanayotaka kuanza upya hayapati mahali pagumu pa kushika. Ndiyo maana fungu, yaani mwamba wa matumbawe, lililolipuliwa miaka mingi iliyopita linaweza kuwa bado ni changarawe tupu.

Sasa mfuate mwenye madema, mitego ya samaki ya kusuka. Alikuwa akiyatega kwenye fungu hilo hilo, umbali wa kupiga kasia. Leo anayapandisha yana kaa wawili, basi. Akitaka samaki aende mbali, na kwenda mbali ni mashine na petroli asiyokuwa nayo. Wanawake wanaoshuka na maji ya bamvua kutafuta pweza nao hurudi mikono mitupu: pweza hana kibofu cha kupasuka, ila anaishi kwenye matundu ya mwamba, na matundu yamekwisha. Mama wa kukaanga samaki naye ananunua kwa bei ya juu samaki waliotoka mbali.

Wimbi hili limefika hata vilindini. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 nyavu za jarife za Tanga, zile za kuvulia papa, zilianza kumnasa silikanti, samaki ambaye hadi 1938 wanasayansi waliamini alikwisha toweka tangu enzi za dinosaria. Wapo watafiti wanaolihusisha jambo hilo na wavuvi kushusha nyavu kwenye kina kirefu baada ya samaki wa karibu kupungua. Ili kumlinda silikanti, hifadhi ya bahari ikaanzishwa Tanga 2009, na masharti yake yanamgusa hata mvuvi wa mshipi ambaye hajawahi kushika utambi wa baruti.

Milipuko imepungua sana tangu kikosi kazi cha vyombo mbalimbali vya dola kilipoundwa 2015. Lakini doria haiwezi kukaa kila fungu, na mlipuaji mara nyingi ni mpwa wa mtu, tena ndiye anayekopesha watu kijijini. Kwa hiyo wanaomjua hunyamaza.

Soko halina udugu huo, na mnunuzi anaweza kumtambua samaki wa baruti. Mtazame macho kama yamevilia damu. Mshike katikati: mwili umelegea, unakunjika. Hana alama ya ndoana wala ya wavu. Ukimpasua, damu imetapakaa kando ya uti na kibofu kimechanika. Huyu huharibika upesi. Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake hazimbani mlipuaji peke yake, maana kumiliki au kuuza samaki wa namna hiyo nako ni kosa. Ukimkuta, usimnunue. Mwarifu afisa uvuvi au viongozi wa BMU (kikundi cha wanakijiji cha kulinda rasilimali za uvuvi) papo hapo, mnada ukiwa bado unaendelea, maana tenga likishafungwa nyuma ya bodaboda ushahidi umeondoka nalo.